Jinsi ya Kukaa Marangu kwa Mgeni Asiyekwenda Kileleni

Wengi wanaopita Marangu hawaioni. Gari huwachukua Moshi asubuhi, hukata kona Himo, hupanda moja kwa moja hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na baada ya kujiandikisha wanaanza kutembea kuelekea Mandara, kituo cha kwanza cha kulala mlimani, kijiji wakiwa wamekipa mgongo. Siku tano au sita baadaye wanarudi wamechoka, wananunua fulana na kuondoka. Mwongozo huu unamlenga mgeni wa aina nyingine, yule anayetaka kukaa siku tatu au nne katika kijiji chenyewe, alale, ale, atembee vihambani, yaani katika mashamba ya familia yenye nyumba ndani yake, na kufahamiana na watu wanaoishi pale. Kabla ya kuuliza bei ya chumba au hali ya barabara, mgeni huyo anapaswa kuuliza swali moja: siku nitakayofika, nani atakuwa nyumbani? Marangu ya Agosti na Marangu ya Desemba zinatofautiana kwa watu wake kiasi kwamba aliyeziona zote mbili angeweza kudhani ni vijiji viwili.

Kuelewa kijiji na idadi ya watu wake

Usitegemee kukuta nyumba zilizokusanyika pamoja kuzunguka uwanja. Marangu lilikuwa eneo la utawala wa mangi, yaani mtawala wa jadi wa Wachaga, na leo limegawanywa katika kata mbili, Marangu Mashariki na Marangu Magharibi, zilizo katika Wilaya ya Moshi upande wa Vunjo, kila kata ikiwa na vijiji na vitongoji vyake. Kitovu ni Marangu Mtoni, penye soko, kituo cha magari, maduka na daraja. Kwingineko kote kila familia inaishi ndani ya kihamba chake, nyumba ikiwa imefichwa na migomba, na ndiyo maana mgeni anaweza kusimama katikati ya maelfu ya watu akauliza kijiji kiko wapi. Wenyeji husema jina Marangu linatokana na wingi wa maji, na ukilala usiku mmoja karibu na korongo lolote hutahitaji ushahidi mwingine.

Ukitaka kujua idadi ya watu, anza na sensa, lakini uisome kwa uangalifu. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 katika sensa ya mwaka 2012, na watu 1,861,934 katika ile ya mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 13 katika miaka kumi. Katika kipindi hicho hicho Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 37. Pengo hilo linaonekana waziwazi katika kihamba chochote utakachotembelea. Kihamba hakitanuki: juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna tambarare iliyokwisha kugawanywa, na kipande alichokiacha babu, ambacho mara nyingi hakifiki ekari mbili, kimekatwa kwa wana na tena kwa wajukuu hadi kisu hakina pa kupita. Kwa desturi kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, na wengine huenda kutafuta maisha Arusha, Dar es Salaam, Mwanza na hata nje ya nchi. Mzee akikuambia ana watoto saba, muulize wangapi wako nyumbani, naye mara nyingi atakuonyesha mmoja.

Kumbuka pia kwamba sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na sensa zote mbili zilifanyika mwezi Agosti. Agosti ni msimu mkubwa wa wapanda mlima. Katika hesabu ya tarehe 23 Agosti 2022, mpagazi aliyelala Horombo, kituo kilicho juu ya Mandara, alihesabiwa mlimani, na mwana wa Marangu mwenye duka Kariakoo alihesabiwa Dar es Salaam, ingawa mama yake angekuambia bila kusita kwamba huyo ni mtu wa hapa, na kaburi lake litakuwa hapa. Kwa hiyo unapopanga safari, usitegemee tarakimu peke yake. Fikiria makundi matatu ya watu: wanaokaa kihambani mwaka mzima, ambao wengi wao ni wazee, akina mama na watoto wa shule; wanaoishi kwa kazi ya mlima, ambao huja na kuondoka kufuata msimu, na baadhi yao hawakuzaliwa Marangu; na wanaorudi mwisho wa mwaka.

Kuchagua mwezi

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na upande huu wa kusini mwa mlima hupata mvua nyingi kuliko upande wa Kenya. Aprili vyumba vinapatikana kwa urahisi na wenyeji wana muda wa mazungumzo, lakini njia za vihambani hugeuka utelezi mwekundu, na bila gambuti utashinda ndani. Juni hadi Septemba ni kukavu na baridi, na Julai utahitaji sweta hata saa sita mchana wingu linapotanda. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa anayetaka anga safi, na kwa maoni yangu Februari ndio mwezi bora wa kuona maisha ya kawaida, kwa kuwa wageni wa sikukuu wamekwisha kuondoka na kijiji kimerudia shughuli zake.

Desemba inahitaji maelezo yake. Kuanzia katikati ya mwezi huo Wachaga wanaoishi mbali huanza kurudi, na kufikia tarehe 20 barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Segera, Mombo na Same huwa imejaa mabasi na magari binafsi usiku na mchana. Nyumba zilizofungwa miezi kumi na moja hufunguliwa madirisha, mbuzi huchinjwa, harusi na ubarikio wa watoto hupangwa kwa wakati huo, na vikao vya ukoo vya kuzungumzia mipaka, makaburi na ada za shule hufanyika chini ya migomba. Mara yangu ya kwanza nilifika tarehe 22 bila kuweka nafasi popote, nikidhani kijiji cha watalii hakiwezi kukosa kitanda. Nilizunguka hadi saa mbili usiku, na mwishowe nililala kwenye kochi sebuleni kwa mama mmoja ambaye wanawe wanne na wajukuu wake walikuwa wamejaza vyumba vyote. Ule usiku ulinifundisha mengi kuhusu Marangu, lakini siwezi kumshauri msomaji aupange hivyo. Ukitaka kuja Desemba, weka nafasi mapema, kata tiketi ya basi wiki kadhaa kabla, na uwe na mwenyeji anayekujua kwa jina, kwa sababu katika siku hizo kijiji kinapokea watu wake kwanza.

Kufika

Kutoka Moshi mjini hadi Marangu Mtoni ni karibu kilomita 40, zote za lami. Hiace na magari aina ya Noah huondoka kituo cha mabasi cha Moshi yakijaa, hupita Himo, kisha huacha barabara iendayo Holili na Taveta na kuanza kupanda. Kaa dirishani, maana mabadiliko ya hali ya hewa katika mwendo huo mfupi ni somo tosha: Himo kuna joto, mahindi na vumbi, dakika ishirini baadaye kuna migomba pande zote mbili na abiria wanafunga vioo. Anayetoka Dar es Salaam anaweza kushuka Himo moja kwa moja bila kufika Moshi. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, ambayo ilikuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirejea Desemba 2019, na ni safari ya kufurahisha kwa asiye na haraka.

Ukishuka Mtoni, umbali uliobaki hadi getini ni kilomita tano hivi, na bodaboda wapo. Patana bei kabla ya kupanda, na umtajie dereva jina la kitongoji pamoja na jina la mwenye nyumba. Kutaja nyumba ya wageni peke yake mara nyingi hakutoshi, ilhali jina la familia hujulikana hadi kwa watoto.

Kulala

Kuna hoteli za zamani zilizoanza na mashamba ya kahawa, kuna nyumba za wageni za kawaida karibu na Mtoni, kuna hosteli za makanisa, na kuna familia zinazopokea wageni kupitia vikundi vya utalii wa kitamaduni. Nitakushauri uchague familia, hata kama ni kwa usiku mmoja. Uliza mambo matatu tu: kama kuna maji ya moto ya kuoga, kama chakula cha jioni kimo katika bei, na mlango hufungwa saa ngapi. Chukua tochi, kwa sababu umeme hukatika na njia za vihambani hazina taa.

Kutembea vihambani

Kihamba si bustani ya umma, ingawa kijia kinachopita katikati yake kinaweza kutumiwa na kila mtu. Namna nzuri ya kuingia ni kutafuta mwongozaji wa kijijini, mtu aliyezaliwa hapo, wala si mwongozaji wa mlima aliyekosa kazi siku hiyo. Yeye atajua mlango upi mnapiga hodi na upi mnapita kimya kwa sababu kuna msiba au mgonjwa. Mlipe moja kwa moja au kupitia kikundi chake, na mkubaliane mapema kama malipo hayo yanahusisha kiingilio cha maporomoko na zawadi ya nyumba mtakazotembelea.

Ndani ya kihamba, simama na uangalie kuanzia juu kwenda chini. Juu kabisa kuna miti mirefu ya kivuli na mbao. Chini yake kuna migomba, na chini ya migomba kuna kahawa. Ardhini kabisa kuna magimbi, mboga na majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe haonekani, kwa maana amefungwa bandani na majani huletwa kwake, mengine yakitoka tambarare kwa kubebwa kichwani na akina mama. Samadi yake hurudi kwenye migomba. Hakuna kinachotupwa. Mwombe mwenye kihamba akutajie aina za migomba aliyonayo, maana kwa jicho la mgeni zote ni moja, naye atakuonyesha mshare wa kupika, ndizi ng'ombe, na nyingine za kuivisha kwa ajili ya pombe, kila moja ikiwa na kazi yake.

Utakutana na mfereji mwembamba wa maji unaokatiza mteremko, pengine ukipita pembeni mwa jabali kana kwamba maji yanapanda. Huo ni mfongo. Mifongo ilichimbwa na mababu kuleta maji kutoka makorongo ya juu, na hadi leo ile inayofanya kazi ina watu wake, zamu zake na siku za kuusafisha pamoja. Usinawe miguu humo wala usiruke ukibomoa kingo, kwa kuwa nyumba iliyo chini yako inawezekana inachota maji hayo hayo kunyweshea bustani. Ukikuta mfongo mkavu, uliza. Utapewa historia ndefu ya misitu, mabomba na vijana walioondoka, nayo ni historia ya kijiji zaidi kuliko utakayosimuliwa getini.

Utaona pia mmea wenye majani marefu ya kijani uliopandwa mistari mipakani. Ni sale. Pamoja na kuonyesha mpaka, jani la sale ni ombi la msamaha: aliyekosa akimpelekea jani hilo aliyemkosea, ni vigumu kwa huyo wa pili kulikataa. Usilichume kwa ajili ya kupamba picha. Vivyo hivyo kwa makaburi, ambayo utayakuta karibu kabisa na nyumba, mengine yakiwa yamewekewa vigae vinavyong'aa: usikae juu yake, na usipige picha bila kuuliza. Mchaga aliyekufa Dar es Salaam hurudishwa kuzikwa hapa, na kwa hiyo kihamba ni shamba, ni nyumba, na ni mahali pa watu ambao sensa haiwahesabu tena.

Salamu itakufungulia mengi. Kiswahili kinatosha, na shikamoo kwa wakubwa ni lazima kama kwingineko. Lakini ukijifunza maneno mawili ya Kichaga cha huku utaona nyuso zikibadilika: "shimbonyi" ni salamu, na "aika" ni asante, nayo husemwa "aika mbe" kwa mwanaume unayemheshimu na "aika mae" kwa mama. Ukikosea matamshi watacheka, nawe cheka nao.

Katika matembezi hayo mwongozaji atakupeleka kwenye maporomoko ya Kinukamori, yaliyo karibu na Mtoni, au Ndoro, au Kilasiya. Nenda walau moja, asubuhi. Pale Kinukamori inasimuliwa hadithi ya msichana Makinuka, aliyepata mimba kabla ya kuolewa wakati ambapo adhabu yake ilikuwa kifo, akaenda ukingoni kujitupa, akabadili nia, na alipogeuka kurudi nyumbani akakutana na chui, akaanguka kwa hofu. Sikiliza inavyosimuliwa, kisha muulize mwanamke yeyote wa pale anaichukuliaje. Mapango ya kujihami ambayo Wachaga waliyachimba nyakati za vita yanastahili nusu saa, isipokuwa kwa asiyevumilia sehemu finyu.

Kahawa nayo ina matembezi yake, na wanaoyaendesha huyafanya vizuri: utachuma matunda mekundu, utayamenya kwa mashine ya mkono, utaonyeshwa jinsi yanavyochachushwa, kuoshwa na kuanikwa, kisha utatwanga, utapepeta na kukaanga kikombe chako mwenyewe. Uliza lakini na upande wa pili. Kahawa ilifika huku pamoja na wamisionari wa Kilema, jirani tu na hapa, mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaanzishwa mwaka 1933. Kahawa ndiyo iliyojenga shule na kusomesha kizazi ambacho sasa kinaishi mijini. Bei zilipoporomoka, wengi waling'oa mibuni na kuzidisha migomba na mboga. Mzee mmoja alinionyesha mibuni sita aliyoibakiza mbele ya nyumba. Alisema kwamba haimpatii kitu, ila hawezi kuvumilia kufungua mlango asiione.

Kula, na kunywa mbege kwa adabu

Omba mtori angalau mara moja, na kama mwenyeji anaruhusu, kaa jikoni unapopikwa. Ndizi za mshare humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta kwa sababu ya utomvu, huchemshwa pamoja na nyama yenye mifupa hadi zilainike, kisha nyama hutolewa na ndizi hupondwa na kukorogwa kwa mwiko hadi ziwe uji mzito, ndipo nyama hurudishwa. Ni chakula cha mzazi aliyejifungua, cha mgonjwa, na cha kila mtu asubuhi ya baridi. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, ni kizito zaidi na hakipambwi, na baadhi ya wageni hukiacha nusu; chukua kidogo kwanza. Kwenye sherehe utakutana na ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, akikatwa mbele ya watu kwa utaratibu unaofuata heshima ya kila ukoo, hivyo usijisogeze kuchagua kipande.

Mbege hutengenezwa kwa ndizi zilizoiva sana, zikachemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha maji yake yakachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la mti uitwao msesewa huongezwa kuipa uchungu. Huandaliwa kwa takriban wiki nzima, na hainyweki ikipitiliza siku yake, ndiyo maana haipatikani kila mahali kila siku. Muulize mwenyeji leo imeiva kwa nani. Huletwa ndani ya kibuyu au kata kubwa yenye povu la ulezi juu. Anayekupa huonja kwanza mbele yako, ili ujue ni salama. Pokea kwa mikono miwili, kunywa, na umpasie mwenzako. Si glasi yako peke yako. Asiyetumia kilevi aseme tu "situmii" na ataletewa soda bila maswali, kwa kuwa katika kila ukoo wapo waliookoka na wapo Waislamu.

Jumapili

Ukipanga siku zako, hakikisha Jumapili moja imo. Walutheri na Wakatoliki ndio wengi, na asubuhi barabara hujaa watu waliovaa vizuri wakipanda na kushuka vilima. Mgeni anakaribishwa ibadani hata kama si muumini, naye anaweza kuombwa asimame ajitambulishe. Andaa sentensi mbili.

Baada ya ibada, katika sharika nyingi za Kilutheri, usiondoke haraka. Nje ya mlango hufanyika mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka na wale ambao hawakuwa na fedha taslimu: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, chupa ya maziwa, mayai kumi katika kikapu. Mnadishaji, ambaye kwa kawaida ni mzee mwenye sauti na utani, hunyanyua kuku na kuanzia bei ya chini. Mtu hununua, hulipa, kisha hutamka kwamba kuku arudishwe kwa Bwana, na kuku yule yule hunadiwa tena. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara nne. Ukiwa na uwezo, taja bei nawe. Ukishinda, mpe jogoo bibi aliye karibu, maana hutaweza kwenda naye hotelini. Desemba mnada huo hubadilika kabisa, kwani wanunuzi ni wana waliorudi na funguo za gari mkononi, na mkungu ambao Februari ungeuzwa kwa bei ya sokoni hupanda hadi kicheko kinamzidi mnadishaji.

Ukitaka kuonja mlima bila kuupanda

Inawezekana kuingia hifadhini kwa siku moja, kutembea msituni hadi Mandara, iliyo katika mita 2,700 hivi kutoka usawa wa bahari, kusogea hadi kasoko ya Maundi, na kurudi kabla ya giza. Ni saa tatu hivi za kupanda kwa mtu wa kawaida. Mwongozaji ni lazima, na malipo ya hifadhi hayapokewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo kamilisha utaratibu huo mapema. Raia wa Afrika Mashariki wabebe kitambulisho, kwa kuwa kiingilio chao ni nafuu sana kuliko cha wageni wa nje. Anza saa mbili asubuhi. Kilele chenyewe, kama unataka kukiona tu, huonekana kutoka kijijini alfajiri na jioni; ikifika saa nne asubuhi mara nyingi kimekwisha kujifunika.

Njiani utapishana na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Mzigo wa mteja hauruhusiwi kuzidi kilo 20 na hupimwa getini, na bado wanakupita ukiwa umesimama kupumua. Wapishe, wasalimu. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 baada ya kupokewa hapa na Mangi Marealle. Kijijini utasikia zaidi jina la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu anayekumbukwa kuwa mwongozaji wa safari ile. Ukimkuta mgumu aliyepumzika siku hiyo, mnunulie chai na umuulize anatoka wapi, analala wapi msimu ukiisha, na nani analima kwao wakati yeye yuko juu. Majibu yatakusaidia kuelewa idadi ya watu wa kijiji hiki kuliko jedwali lolote.

Kuondoka

Magari ya kwanza kushuka Moshi huondoka Mtoni kabla ya jua kuchomoza, na hayo ndiyo bora kwa anayewahi basi la mbali. Epuka kusafiri katika siku za mwanzo za Januari ikiwa hukukata tiketi mapema, kwa kuwa wote waliopanda Desemba wanashuka pamoja. Ukitaka kubeba ndizi, mwambie mwenyeji wako jana yake ili akate mkungu ambao bado ni mbichi kabisa, na uufunge kwa majani makavu ya mgomba ili usichubuke. Kondakta ataupandisha juu ya keria na kukutoza nusu nauli, nawe usibishane naye sana, maana mkungu wa Marangu ukifika Dar es Salaam haukai siku mbili bila majirani kuuliza umetoka wapi.